Mjomba Yupi?

Jumatano moja jioni, mwezi wa Novemba, nilimfanya shahidi aonekane mwongo. Sikukusudia. Nilikosa neno moja tu, tena dogo. Kwa bahati njema shahidi mwenyewe alikuwa mwanafunzi mwenzangu, na mahakama ilikuwa chumba cha darasa karibu na stesheni ya treni ya Upplands Väsby. Lakini tangu jioni ile neno hilo halijaniacha, na ndiyo maana nimeona niliandikie jarida letu.

Upplands Väsby ni mji mdogo ulio kaskazini ya Stockholm, njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Arlanda. Naishi hapa kwa shangazi yangu. Mchana nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na jioni mbili kwa wiki nasomea ukalimani wa Kiswahili na Kiswidi. Kabla ya kuja huku nilisoma sheria nyumbani, na wale tuliokuwa pamoja chamani watakumbuka kwamba nilikuwa mtu wa kubishana ngeli mpaka chai inapoa. Huku nimegundua kwamba ubishi ule haukuwa mchezo. Waswahili wa hapa ni wengi na kila mmoja ana Kiswahili chake: yupo wa Goma na wa Bukavu, yupo wa Bujumbura, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, na hata wa Barawa. Siku mmoja wao akifika mahakamani, awe mlalamikaji au mshtakiwa, yote anayoyajua yatapita mdomoni mwa mtu mmoja, yaani mkalimani.

Zoezi la siku ile lilikuwa kesi ya kubuni ya kosa la kujamiiana. Mwenzangu wa Bukavu alicheza nafasi ya mlalamikaji. Mwalimu wetu alikuwa wakili wa utetezi, na wanafunzi wanne wakakaa mbele kama mahakama ya hapa inavyokaa: hakimu mmoja mwanasheria, na raia watatu wasio wanasheria ambao nao wana kura. Mimi nilikuwa katikati, na kalamu na daftari langu.

Mlalamikaji akafika pale penye uzito. Akasema: "Taa ilipowaka, nilimjua."

Nikasema kwa Kiswidi kile nilichodhani ndicho alichosema. Nikatumia kitenzi "kände", yaani nilimjua. Wakili wa utetezi akasimama papo hapo: "Kumbe mlikuwa mnajuana. Mlijuana wapi?" Nikamgeuzia mwenzangu swali kwa Kiswahili. Akashangaa. "Hapana," akasema, "mimi simjui mtu huyu."

Chumba kikanyamaza. Sentensi ya kwanza nilimjua, sentensi ya pili simjui. Mmoja wa wale raia watatu akaandika kitu kwenye karatasi yake, na ingawa yalikuwa maigizo, niliuona uso wake ukibadilika. Alikwisha kuacha kumwamini shahidi.

Mwalimu akasimamisha zoezi. Akamwuliza mwenzangu alikuwa na maana gani. Akaeleza: kwenye karatasi ya mchezo wake, mtu yule alikuwa amemwona mara moja tu, mchana wa siku ileile, ndani ya basi. Usiku taa ilipowaka akaona kwamba ni yuleyule wa kwenye basi. Ndipo mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili: "kände igen". Neno "igen" maana yake ni tena. Kwa Waswidi, kumtambua mtu ni kumjua tena. Ukiliacha hilo "tena", umesema mlikuwa mnafahamiana. Kiswahili chetu kinaruhusu "nilimjua" kubeba maana zote mbili, na mimi nilichagua ile isiyo yake.

Mtu asiyesoma sheria anaweza kusema hili ni jambo dogo. Naomba nieleze kwa nini kesi nzima inaweza kusimama au kuanguka hapo.

Katika makosa haya upande wa mashtaka una kazi mbili kubwa, mbali na suala la umri pale mlalamikaji anapokuwa mtoto. Kwanza uthibitishe kwamba kitendo kilitendeka. Pili uthibitishe kwamba aliyekitenda ni huyu aliyesimama kizimbani na si mwingine. Watu wengi huchanganya kazi hizi. Utasikia mtaani: "Fomu ya daktari ipo, sasa anabisha nini?" Lakini PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitalini, hata ikijazwa vizuri kiasi gani, inaongea juu ya mwili wa aliyeumizwa. Daktari anaandika alichokiona. Yeye hakuwepo, na fomu yake haiwezi kutaja jina.

Kwa hiyo jina linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kinywani mwa mtu mmoja. Makosa haya hufanyika faraghani, na anayejua ni aliyetendewa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hilo katika shauri la Selemani Makumba mwaka 2006: ushahidi wa kweli wa kubakwa lazima utoke kwa mwathirika mwenyewe. Na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba mtoto huyo anasema kweli. Ni sheria nzuri. Bila hiyo, maelfu ya watoto wasingekuwa na pa kusemea.

Lakini mahakama hiyohiyo, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilikuwa imekwisha kuonya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na kwamba hakimu asiutegemee mpaka aondoe kila uwezekano wa kukosea. Ikatoa maswali ambayo kila mwanafunzi wa sheria nyumbani huyakariri. Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku? Kama ni usiku, mwanga ulikuwaje? Je, alikuwa akimfahamu kabla ya hapo?

Swali la mwisho ndilo nililoliharibu Jumatano ile. Kumtambua mtu unayemfahamu na kumtambua mgeni ni mambo mawili mbalimbali mbele ya sheria. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Anjononi mwaka 1980, ilisema kwamba kumtambua unayemfahamu kunatia moyo zaidi kuliko kumtambua mgeni. Waingereza nao, katika shauri la Turnbull la mwaka 1976, walikubali hivyo, ila wakaongeza kwamba hata ndugu na marafiki wa karibu watu huwakosea. Mgeni anahitaji gwaride la utambulisho, na kabla ya gwaride shahidi awe ametoa maelezo ya huyo mtu: urefu, umbo, nguo, alama. Kumnyooshea mtu kidole kizimbani kwa mara ya kwanza hakuna uzito mkubwa, maana aliyekaa kizimbani anajulikana na kila aliyemo ukumbini. Kwa hiyo mkalimani akimgeuza mgeni kuwa mtu wa kufahamiana, ameibadilisha kesi, na hakuna mtu chumbani atakayejua isipokuwa yeye, kama atajua.

Baada ya somo nilitembea kwenda nyumbani. Ilikuwa bado saa mbili usiku na giza lilikuwa limeingia zamani. Huku mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Juni ni kinyume: saa nne usiku ndipo jua linapozama, na unaweza kusoma gazeti barazani. Nikawaza, shahidi wa hapa akisema "ilikuwa saa nne usiku", hakimu wa Tanga atasikia giza, na kama ni Juni hapakuwa na giza. Na mkalimani asiye makini atasikia nne, atasema nne, wakati Mswidi anaihesabu saa hiyo kuwa ya kumi jioni. Mshtakiwa mwenye mashahidi kwamba saa ile alikuwa kazini anaweza kufungwa, au aliyehusika akaachiwa, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza.

Katika mji huu palikuwa na kiwanda cha Optimus kilichotengeneza majiko na taa za mafuta ya taa. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilicheka, maana nyumbani nimesoma hukumu nyingi ambamo kesi nzima inagombania taa. Ilikuwa karabai au kibatari? Ilikuwa mezani au imening'inizwa? Utambi ulikuwa umepandishwa? Haitoshi shahidi kusema "palikuwa na taa". Mahakama zetu zinataka aeleze mwanga wake ulikuwa na nguvu gani. Na kibatari si karabai. Mkalimani akizigeuza zote mbili kuwa "lampa", Mswidi ataiona taa ya umeme ya jikoni kwake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya niandike.

Wiki iliyofuata tulibadilishana nafasi. Mwenzangu wa Bukavu akawa mkalimani, na mwalimu akatupa zoezi la mtoto. Tulipokuwa tunajiandaa, mwenzangu akaniambia: "Sasa mtoto wa kwetu akikuambia 'ni yaya', wewe utasema nini?" Nikamjibu bila kufikiri: "Nitasema mlezi, yule msichana wa kazi." Akatikisa kichwa. Kwao yaya ni kaka mkubwa au dada mkubwa. Mimi ningempeleka polisi msichana wa kazi asiyehusika, na kaka angebaki nyumbani analala chumba kimoja na mtoto.

Nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikakaa huko kitambo. Maana mimi nilikuwa nimekwisha kulifanya kosa hilo zamani, na halikuwa zoezi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa mtaa mmoja wa Tanga ambao sitautaja. Kwa jirani palikuwa na mtoto wa miaka saba aliyependa kunifuatafuata. Nikienda kisimani yupo, nikienda dukani yupo. Siku moja alinikuta nyuma ya nyumba nafua. Akaniambia jambo ambalo sitalirudia hapa. Nikamwuliza ni nani. Akasema: "Mjomba wa baiskeli."

Mtaani kwetu kila mtoto alimjua mjomba wa baiskeli. Alikuwa muuza mikate, anapita asubuhi na alasiri na sanduku lake nyuma, na sisi watoto wote tulimwita mjomba, kwa adabu tu, kama tunavyofundishwa kumwita mtu mzima. Lakini nyumbani kwa yule mtoto alikuwepo pia mjomba wa kweli, mdogo wake mama yake, kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi na ambaye hakuwa na baiskeli wala kitu kingine.

Nilikimbia kwa mama. Nilikuwa nahema, naona haya, na sikujua maneno ya kusemea jambo kama lile mbele ya mtu mzima. Mama akaniuliza: "Nani?" Nikasema: "Mjomba."

Basi. Nusu ya pili ya maneno sikuisema. Sijui kwa nini. Labda kwangu "mjomba" lilitosha, kwa kuwa kichwani nilikuwa namwona yule wa baiskeli. Mama yangu alimwona mwingine.

Mambo yakaenda mbio. Mama akaenda kwa mama wa mtoto. Mama wa mtoto akamshika mwanawe mabega akamwuliza: "Ni mjomba? Sema, ni mjomba?" Mtoto akaitikia kwa kichwa, na angefanya nini tena? Ni kweli alikuwa mjomba. Wanasheria wanaliita swali la namna hiyo swali la kuongoza, kwa sababu jibu limekwisha kuwekwa ndani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: "Mjomba yupi?"

Yule kijana alipigwa na watu wa mtaani kabla hajafika kituoni. Alikaa ndani wiki kadhaa. Ni bibi yake mtoto, aliyekuja kutoka shamba, aliyekaa naye mkekani siku moja akimsuka, akamwacha aongee mwenyewe mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndipo likatoka tena: wa baiskeli.

Kijana akaachiwa. Lakini muuza mikate alikuwa ameacha kupita mtaani kwetu tangu siku ile ya vurugu, na hakuna aliyejua kwake ni wapi. Hata angepatikana, watu walikuwa wamekwisha kuhukumu maneno ya mtoto. "Leo huyu, kesho yule," walisema. "Mtoto mwenyewe hajui." Katika shauri la Marwa Wangiti la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi anapomtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, hilo ni hakikisho kubwa la kuaminika kwake. Mtoto yule alimtaja mapema kuliko mtu yeyote. Alimtaja siku ileile, kwa mtu wa kwanza aliyemwamini. Lakini jina alilolitaja halikufika.

Mjomba wa kweli alihama. Hakurudi Tanga hata alipofiwa.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu kuna fikra naiona mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba kudai uthibitisho wa aliyetenda ni kumtetea mbakaji. Mtu akiuliza maswali ya Waziri Amani, anaambiwa hamwonei huruma mwathirika. Nami naelewa hasira hiyo, maana maswali hayo yametumiwa vibaya na mawakili wengi kumchosha na kumdhalilisha anayelia. Lakini mimi nimeona upande wa pili. Ukimkamata asiyehusika, umemwacha aliyehusika aende zake. Yule mtoto hakupata haki kwa sababu mjomba wake alipigwa. Aliikosa kwa sababu hiyohiyo.

Dunia imejifunza hili kwa machungu. Mwaka 1984, huko North Carolina, Marekani, mwanafunzi aitwaye Jennifer Thompson alibakwa na mtu aliyevunja nyumba yake usiku. Alijitahidi kuukariri uso wa mtu yule ili aje amshtaki. Akamchagua Ronald Cotton katika picha, akamchagua tena katika gwaride, na mahakamani akamnyooshea kidole bila kusita. Hakuwa mwongo, alikuwa na yakini. Cotton akafungwa. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mtu aliyehusika hasa, Bobby Poole, aliletwa mbele ya Thompson, naye akasema hajapata kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikaonyesha ukweli na Cotton akatoka baada ya zaidi ya miaka kumi. Baadaye wawili hao wakapatana, na mwaka 2009 wakatoa kitabu pamoja. Poole, kabla ya kukamatwa, alikuwa ameshambulia wanawake wengine.

Mtu atasema: basi tupime vinasaba kila kesi na maneno yaishe. Hapa Uswidi vinasaba vimefanya makubwa. Katika mji wa Umeå mtu mmoja aliwashambulia wanawake kwa miaka mingi, magazeti yakampa jina la Hagamannen, yaani mtu wa Haga, na alipokamatwa mwaka 2006 ni vinasaba vilivyomfunga kwenye mashambulio hayo. Nyumbani pia tuna Mkemia Mkuu wa Serikali na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Kenya sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006 inairuhusu mahakama kuamuru sampuli ichukuliwe. Lakini sampuli huoshwa na maji ya kuoga. Hupotea mtoto anapokaa wiki mbili bila kusema. Na pale wawili wanapokubali kwamba walikuwa pamoja, na ugomvi ni kama mmoja aliridhia, vinasaba havina la kusema. Tangu tarehe 1 Julai 2018 sheria ya Uswidi inauliza hasa juu ya ridhaa. Kwa hiyo mara nyingi tunarudi palepale: mtu amekaa mbele ya watu asiowajua, anasema alichokiona, na mwingine anayageuza maneno yake.

Hapo ndipo naona kazi ya wapenzi wa Kiswahili. Mpaka hivi karibuni, shahidi Mtanzania alikuwa akieleza kwa Kiswahili mbele ya hakimu wa wilaya, na hakimu akiandika kwa Kiingereza. Kila hakimu alikuwa mkalimani bila kusomea. Ni mara ngapi "nilimjua" iliandikwa kwa maana isiyo yake, na mahakama ya juu ikaisoma hivyo? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kushangilia hakutoshi. Tukiandika kwa Kiswahili, basi Kiswahili chenyewe kitatudai usahihi. Tofauti ya "nilimjua", "nilimtambua", "nilimfahamu" na "nilimfananisha" inatakiwa iwe wazi kwa karani, kwa askari na kwa hakimu. Majina ya ujamaa yanatakiwa yaulizwe: baba yupi, maana baba mdogo naye ni baba, kaka yupi, maana mtoto wa baba mkubwa naye ni kaka, mjomba yupi. Na hata kile kiambishi chetu "a-" kisichomtaja mwanamume wala mwanamke: shahidi akisema "aliingia", Mswidi anadai ajue ni "han" au "hon". Tangu mwaka 2015 wana pia "hen" katika kamusi yao, lisilotaja jinsia, na mwalimu wetu ametufundisha kulitumia mpaka shahidi mwenyewe aseme. Nililipenda neno hilo. Nilihisi kama Waswidi wamekuja kuazima kiti kwetu.

Nawaomba walimu wetu na wanachama, mnapochagua mada za utafiti, mtu mmoja achukue hii. Akae nyuma ya mahakama ya mwanzo, asikilize watu wanavyotaja watu. Kuna kitabu kizima pale.

Kabla ya kuandika makala haya nilimpigia simu yule mtoto wa jirani. Sasa ni mama wa watoto wawili. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza jambo lile hata siku moja, ingawa kila Idi hatukosi kutumiana salamu. Nikamweleza kuhusu darasa, kuhusu yaya, na kuhusu lile neno la Kiswidi. Nikamwambia kwamba siku ile mimi ndiye niliyepeleka maneno nusu, na nikamwomba radhi. Nikamwomba pia ruhusa ya kuandika.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Andika, dada, ila jina langu usiliweke. Na uandike kwamba mimi sikubadilisha maneno. Miaka yote nimesikia watu wakisema nilibadilisha. Mimi tangu siku ya kwanza nilisema wa baiskeli."

Ni kweli. Alisema hivyo tangu siku ya kwanza. Nilikuwepo, nilimsikia.

Jumatano iliyopita tulirudia zoezi la mtoto, mimi nikiwa mkalimani. Aliyecheza mtoto akasema "ni mjomba", na mwendesha mashtaka akawa tayari anaelekea swali linalofuata. Nikainua mkono, kama tulivyofundishwa, nikageukia mahakama nikasema kwa Kiswidi kwamba neno hili kwa Kiswahili linaweza kuwa la kaka wa mama, au la mtu mzima yeyote, na kwamba mkalimani anaomba ruhusa ya kuuliza. Hakimu akaitikia. Nikamgeukia mtoto.

"Mjomba yupi?" nikamwuliza, nikanyamaza, nikamngoja amalize.